Jimbo Katika Kiganja cha Mtoto

Mtoto wa Michigan akiulizwa kwao ni wapi, hana haja ya kukimbilia ramani. Huinua mkono wake wa kulia, kiganja kikimwelekea yeye mwenyewe, vidole vinne vikiwa vimebanana na kidole gumba kikiwa kimejitenga kidogo. Kisha kwa kidole cha mkono wa kushoto hugusa mahali anapoishi. Wa Detroit hugusa chini ya shina la gumba. Wa Lansing, mji mkuu wa jimbo tangu mwaka 1847, hugusa sehemu ya chini ya kiganja. Wa pwani ya kaskazini-magharibi hugusa ncha ya kidole cha mwisho. Hata watu wazima wa jimbo hilo hufanya hivyo wanapoelekezana njia, wala hakuna anayewacheka.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya jimbo hilo la Marekani ina umbo la glavu ya sufu inayovaliwa wakati wa baridi, ile yenye nafasi mbili tu: moja ya gumba na nyingine ya vidole vinne kwa pamoja. Waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto wameutumia mkono huo kwa miaka mingi kuwafundisha wadogo jiografia na historia ya kwao. Namna walivyofanya kazi hiyo, yale waliyoyachora na yale yaliyo magumu kuchorwa, yana mafunzo kwa kila mzazi mwenye mtoto aanzaye kuuliza maswali juu ya nchi yake.

MKONO KATIKATI YA MAJI

Michigan iko kaskazini mwa Marekani, mpakani na Kanada. Katika yale maziwa matano yanayoitwa Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, manne yanaligusa jimbo hili: Superior, Michigan, Huron na Erie. Ni Ontario peke yake lisilofika. Ziwa Superior, lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 82,000, ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya maji baridi duniani kwa eneo, na linalolifuata ni Ziwa Viktoria. Kwa hiyo aliyezaliwa ufukoni mwa Nyanza hahitaji kuelezwa mengi. Anayajua maji yasiyoonyesha ng'ambo, anazijua tufani zinazozuka ghafla, na anamjua mvuvi anayetazama mawingu kabla ya kusukuma chombo.

Jimbo lenyewe ni rasi mbili. Rasi ya kusini ndiyo ile yenye umbo la mkono. Rasi ya kaskazini imelala kutoka mashariki kwenda magharibi, juu ya ncha za vidole, na upande wa magharibi imeshikana na jimbo jingine liitwalo Wisconsin. Baina ya rasi hizo mbili pana mlango wa maji wa Mackinac. Zamani magari yalivushwa hapo kwa vivuko, na misururu yake ilikuwa mirefu. Mwaka 1957 likafunguliwa daraja lenye urefu wa kilometa zipatazo nane, na hapo ndipo mikono miwili ya jimbo iliposhikana.

Katika shule za Michigan, habari za jimbo ndizo kiini cha somo la jamii katika darasa la tatu, yaani kwa watoto wa miaka minane na tisa. Huo ndio umri ambao mtoto amekwisha kujua kusoma lakini bado anaamini picha kuliko maneno. Ndiyo maana vitabu vya picha vimepata nafasi kubwa katika kazi hiyo.

UGOMVI WA MPAKA

Mtoto mwenye akili akiitazama ramani huuliza swali hili: kwa nini rasi ya kaskazini ni yetu, ilhali imeshikana na Wisconsin? Jibu lake ni hadithi ambayo askari yeyote ataisikiliza kwa tabasamu.

Mwaka 1835 Michigan ilikuwa bado haijawa jimbo kamili. Ikagombana na jirani yake wa kusini, Ohio, juu ya ukanda mwembamba wa ardhi penye mji wa Toledo, karibu na Ziwa Erie. Kila upande ukakusanya wanamgambo wake. Wakaandamana, wakatishiana, wakapoteana katika misitu na vinamasi, lakini vita vyenyewe havikupiganwa. Mtu aliyejeruhiwa kwa jambo la kukumbukwa alikuwa naibu sherifu wa Michigan, ambaye mwezi Julai mwaka huo alikwenda Toledo kumkamata mtu, akachomwa kwa kisu kidogo cha kukunja. Naye akapona.

Serikali kuu ya Marekani ikaamua: Toledo iende kwa Ohio, na Michigan ifidiwe kwa kupewa sehemu kubwa ya rasi ya kaskazini. Watu wa Michigan walinung'unika wakisema wamepewa theluji na misitu mitupu. Hata hivyo walikubali, na tarehe 26 Januari, 1837, Michigan ikawa jimbo la 26. Hazikupita hata siku nyingi, kwani mwaka 1841 mtaalamu wa miamba wa jimbo, Douglass Houghton, alitoa taarifa juu ya shaba iliyoko rasi ya kaskazini, na baada yake kikaonekana chuma. Mwaka 1855 yakafunguliwa malango ya maji ya Sault Ste. Marie, ambayo hupandisha na kuteremsha meli kwa kiasi cha meta sita baina ya Ziwa Superior na Ziwa Huron. Fidia iliyodharauliwa ikageuka kuwa hazina.

Mtoto akilaza mkono wake wa kushoto juu ya ncha za vidole vya mkono wa kulia, amekwisha kuichora rasi ya kaskazini, na pamoja nayo ameisoma sura moja ya historia.

MTUMBWI ULIOKWENDA BAHARINI

Miongoni mwa vitabu vya picha vilivyofundisha jiografia ya maziwa hayo, kimoja kinasimama mbele ya vingine. Jina lake ni Paddle-to-the-Sea, nacho kilitolewa mwaka 1941. Mwandishi na mchoraji wake, Holling C. Holling, alizaliwa mwaka 1900 katika wilaya ya Jackson, sehemu ya chini ya kiganja cha Michigan.

Hadithi yake ni nyepesi. Kijana mmoja wa wenyeji wa asili, akaaye kaskazini ya Ziwa Superior katika nchi ya Kanada, amesikia shuleni kwamba theluji ya kwao ikiyeyuka huenda mtoni, mto huenda ziwani, na maji ya maziwa huishia baharini. Yeye hawezi kwenda huko. Basi anachonga mtumbwi mdogo wa mbao wenye mtu ndani yake, anautia madini ya risasi chini ili usipinduke, na anaandika maneno ya kumwomba yeyote atakayeuokota aurudishe majini. Kisha anauweka juu ya theluji mlimani na kungoja jua.

Tangu hapo mtumbwi unasafiri peke yake, ziwa baada ya ziwa, mpaka Mto St. Lawrence na bahari ya Atlantiki. Njiani unakutana na kiwanda cha kupasua magogo, meli, moto wa msituni na maporomoko ya Niagara. Mpangilio wa kitabu ni wa hekima: ukurasa mmoja ni maneno, ukurasa unaoukabili ni picha kubwa ya rangi, na pembeni mwa maneno kuna vichoro vidogo vinavyoeleza vitu vinavyofanya kazi. Mtoto anayefuata hadithi hujifunza mambo hayo bila kuambiwa kwamba yuko darasani.

Hata maumbo ya maziwa hayakuachwa yawe mistari mikavu. Holling aliyafananisha na vitu: Superior ni kichwa cha mbwa mwitu, Michigan ni boga, Huron ni mwindaji aliyebeba mzigo mgongoni, Erie ni bonge la makaa ya mawe, na Ontario ni karoti. Mtoto aliyeiona picha hiyo mara moja hawezi kuyachanganya maziwa tena.

Mwaka 1942 kitabu hicho kilitajwa miongoni mwa vitabu vya heshima katika tuzo ya Caldecott, ambayo Marekani huwapa wachoraji wa vitabu vya watoto. Mwaka 1966 Bodi ya Filamu ya Taifa ya Kanada ikakitolea filamu.

MAMA DUBU ANAYENGOJA

Ukiufuata ukingo wa magharibi wa mkono huo mpaka karibu na kidole cha mwisho, unafika penye vilima vya mchanga vilivyo juu sana ya Ziwa Michigan. Mahali hapo huitwa Sleeping Bear, yaani dubu aliyelala, na tangu mwaka 1970 pwani yake imekuwa hifadhi ya taifa.

Waanishinaabe, ambao ndio wenyeji wa asili wa nchi hiyo, husimulia hivi. Moto mkubwa uliwaka ng'ambo ya ziwa, upande wa Wisconsin. Mama dubu na wanawe wawili wakajitosa majini kuogelea. Mama akafika, akapanda juu ya kilima na kugeuka kuwatazama wanawe. Walikuwa wamechoka, wakazama wakiwa karibu na pwani. Mama hakuondoka, aliendelea kungoja hadi mchanga ukamfunika. Watoto wake wakawa visiwa viwili, ambavyo leo ni North Manitou na South Manitou.

Mwaka 1998 hadithi hiyo ilitolewa kuwa kitabu cha picha, maneno yakiwa ya Kathy-jo Wargin na picha zikiwa za Gijsbert van Frankenhuyzen. Mwaka huo huo jimbo likakitangaza kuwa kitabu rasmi cha watoto cha Michigan. Mtoto anayekisoma hujua visiwa ni vingapi, viko upande gani wa pwani, na ng'ambo ya maji ni jimbo gani. Yote hayo ni jiografia, lakini hayatoki moyoni kwa sababu yameingia pamoja na huzuni ya mama.

Liko na jambo jingine. Tuta la mchanga lililoonekana kama dubu linaliwa na upepo. Mwaka 1906 lilikuwa na urefu wa meta zipatazo 71. Mwaka 1980 lilikuwa limebaki meta 31 hivi. Watoto wa leo wakipelekwa kumtazama dubu huona kidogo sana kuliko walichokiona babu zao. Umbo lake kamili limebaki katika masimulizi na katika picha.

HERUFI 26

Mwaka 1999 kikafuata kitabu cha alfabeti kiitwacho M is for Mitten, kilichoandikwa na Annie Appleford na kuchorwa na Michael G. Monroe. Jina lake limetokana na ile glavu iliyotajwa hapo mwanzo. Kila herufi ina neno lake linalohusu jimbo. Katika ukurasa mmoja mna shairi fupi la vina kwa mtoto mdogo, na pembeni mna maelezo marefu kwa mkubwa wake. Hivyo watoto wawili wa nyumba moja, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka tisa, huweza kusoma kitabu kimoja kwa pamoja, kila mmoja kwa kiasi chake. Mtindo huo ulipendwa, na baadaye majimbo yote 50 ya Marekani yakapata vitabu vya namna hiyo.

Lakini alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26 tu. Anayeandika kitabu cha alfabeti hana budi kuchagua, na anayechagua huacha. Hapa ndipo kazi hii inapokuwa nzito, kwa kuwa mtoto huiamini picha kama anavyouamini mkono wake mwenyewe. Kisichochorwa huwa kwake hakikutokea.

Katikati kabisa ya kiganja cha Michigan upo mji wa Mount Pleasant. Hapo serikali kuu ya Marekani ilikuwa na shule ya bweni ya watoto wa wenyeji wa asili tangu mwaka 1893 mpaka 1934. Watoto waliletwa kutoka mbali na wazazi wao, na katika shule za mpango huo walikatazwa kusema lugha za kwao. Miaka ile ile ambayo watoto wengine wa Michigan walifundishwa kuipenda nchi yao, hawa walifundishwa kuzisahau habari za mababa wao waliokuwa wenyeji wa nchi hiyo.

Karibu na ncha ya vidole pana ziwa dogo liitwalo Burt. Ukingoni mwake palikuwa na kijiji cha Waanishinaabe ambao katika karne ya 19 walinunua ardhi yao wenyewe na kuiweka katika amana ya Gavana wa jimbo. Hata hivyo ardhi hiyo ilitozwa kodi, na kwa madai kwamba kodi haikulipwa, ikauzwa kwa mfanyabiashara wa mbao. Tarehe 15 Oktoba, 1900, sherifu wa wilaya alifika na manaibu wake wakati wanaume wengi walikuwa hawapo. Wakawatoa watu nyumbani mwao, wakamwagia nyumba mafuta ya taa na kuzitia moto. Akina mama, wazee na watoto wakaenda kwa miguu hadi kijiji kingine kilichokuwa mbali.

Msomaji anayevaa sare atautambua uzito wa habari hii upesi. Sherifu yule alikuwa na karatasi mkononi na cheo kifuani, na pengine jioni ile alirudi nyumbani akala chakula na familia yake. Nyumba zilizoungua hazikurudishwa na karatasi. Leo mtoto wa ukoo wa waliochomewa na mtoto wa ukoo wa wachomaji, wote wawili wakiulizwa mahali hapo ni wapi, watagusa sehemu moja ya kidole. Kama mmoja wao ameisikia habari hii kwa bibi yake na mwingine hajaiona katika kitabu chochote, hao hawana jimbo moja ingawa wana ramani moja.

BIBI NA NDOO YA SHABA

Je, mambo kama hayo yaweza kuchorwa kwa ajili ya mtoto bila kumtia hofu au chuki? Mwaka 2017 kilitoka kitabu kinachoonyesha njia. Kinaitwa The Water Walker, na maneno pamoja na picha zake ni kazi ya Joanne Robertson, mwanamke wa Kianishinaabe kutoka Kanada.

Kitabu hicho kinaeleza habari za mtu wa kweli, Josephine Mandamin, bibi aliyeona kwamba maji ya maziwa yanachafuliwa. Katika desturi za watu wake, kuyatunza maji ni wajibu wa wanawake. Basi mwaka 2003 alichukua ndoo ya shaba, akaijaza maji, akaanza kulizunguka Ziwa Superior kwa miguu pamoja na wenzake. Mwaka uliofuata akalizunguka Ziwa Michigan, na kufikia mwaka 2007 alikuwa ameyazunguka maziwa yote matano. Alifariki mwaka 2019.

Watoto wakisoma kitabu hicho huyafuata maziwa yale yale ambayo mtumbwi wa Holling uliyapitia, ila safari hii wanatembea ukingoni pamoja na bibi. Katika kurasa zake mna maneno ya Kiojibwe, lugha iliyokuwa ikikatazwa katika shule za bweni, na maelezo ya namna ya kuyatamka. Na ndoo yake ni ya shaba, madini ambayo mababu wa wenyeji walikuwa wakiyachimba kandokando ya Ziwa Superior maelfu ya miaka kabla ya taarifa ya mwaka 1841. Kitabu hakimgombezi mtu. Kinamweka bibi barabarani akitembea, na mtoto mwenyewe huanza kuuliza: Watu hawa ni nani? Tangu lini wako hapa? Kwa nini lugha yao siijui? Mzazi au mwalimu aliyejiandaa hujibu kwa kadiri ya umri wa muulizaji.

Ukivipanga vitabu hivyo kwa miaka yake, utaona mabadiliko. Mwaka 1941 kijana wa wenyeji wa asili alichorwa na mtu mwingine, naye alibaki nyumbani huku mtumbwi wake ukienda. Mwaka 2017 bibi wa wenyeji hao anakwenda mwenyewe, na anayemchora ni mtu wa kwao. Kitabu cha pili hakikifuti cha kwanza. Mtoto anayepewa vyote viwili anaijua nchi yake zaidi ya yule aliyepewa kimoja.

MZAZI NA KALAMU YA RISASI

Familia za askari na polisi huhama mara kwa mara. Mtoto huzaliwa katika kituo kimoja, akaanza shule katika kituo cha pili, akamaliza darasa katika cha tatu. Mtoto wa namna hiyo huijua safari ya lori kuliko anavyoijua nchi. Vitabu vya picha vinavyoeleza wilaya na mikoa si vingi, na bei yake si ya kila mshahara.

Hata hivyo walimu wa Michigan walianza na kitu ambacho kila mtoto anacho, yaani mkono wake. Mzazi mwenye daftari na kalamu ya risasi anaweza kuanza hivyo hivyo. Kila kituo walichohamia kipewe ukurasa mmoja: juu picha ya mlima, mto au ziwa la hapo, kwa umbo la kitu ambacho mtoto anakijua; chini habari moja ya kale iliyosimuliwa na mzee wa mahali pale, pamoja na jina la mahali katika lugha ya wenyeji wake na maana yake. Mdogo atachora, na mkubwa ataandika maelezo ya pembeni.

Na mzee akisimulia jambo la aibu, kama lile la Ziwa Burt, ukurasa wake usichanwe. Mtoto aliyeonyeshwa mapema mahali nyumba zilipochomwa, siku atakapovaa sare na kupewa karatasi ya kwenda kuwatoa watu makwao, atakuwa na jambo la kukumbuka kabla hajawasha kiberiti.